Nilimuonyesha Tu Pa Kupiga Mpira

Mama Florentine, salamu nyingi toka Nyamianda, hapa Uvira. Minye ni Kadija, mjane wa marehemu Ibrahim, nakusikilizaga redioni kila Jumamosi nikiwa nakaanga sambusa, na sikufikiria kama siku moja nitakuandikia, juu nilikuwa naona wanaokuandikia ni watu wa shida za kweli, waliofukuzwa mu ndoa, waliogombana na wakwe, lakini shida yangu minye hata jina haina, maana muntu akiniuliza iko nini nitamjibu kwamba watu wananishukuru kupita kiasi. Usicheke kwanza, mama. Nisaidie, juu nimemuumiza muntu kwa kukataa asante yake, na huyo muntu, ukitaka kusema ukweli, ni minye ndiye ningepaswa kumshukuru.

Nianze na biliyari yenyewe. Ile meza mume wangu aliinunua Bujumbura tukiwa bado vijana, akaivusha mpaka hapa, akaiweka mu parcelle yetu, hapa uwanjani kwa nyumba, chini ya mabati, na kwa sababu kwetu hakuna pombe, watu wanakunywa chai na sucré, yaani soda, hata wamama wa jirani hawakuona haya kuingia. Ijumaa baada ya swala, wateja wakiwa bado hawajarudi, tulikuwa tunacheza minye na yeye, akanifundisha mpaka ikawa ananishinda leo, kesho namshinda, tunacheka. Alipofariki nilitundika fimbo yangu ukutani. Wateja niliwaacha wacheze, juu Ngongo, yule motard, mwendesha pikipiki wa kelele nyingi, alinisihi sana nisiifunge meza, lakini minye sikuisogelea tena, nilikaa na jiko langu kule pembeni nikiwapa mgongo, na nilikuwa nimekwisha kuongea na muntu wa kuinunua.

Wakati ule ndipo Rénovat akaja. Ni mlimaji wa mpunga toka Bwegera, mkristo, muntu wa kusema kidogo, na mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa imemkata vidole vitatu vya mkono wa kushoto, akabaki na gumba na kidole cha mwisho. Alikuwa amefikia kwa binamu yake, mtaa wa Kilibula, ili abadilishiwe pansement ya kidonda kwenye centre de santé, kituo cha afya, na akitoka kule alikuwa anapita kwangu, anaagiza chai, anaketi kwenye benchi, na ule mkono iko nao mu poche, mfukoni mwa koti, hata jua likiwa kali namna gani. Anakunywa kwa mkono mmoja, analipa kwa mkono mmoja, na muntu akimpa mkono wa salamu anauangalia kama vile ameombwa kitu asichokuwa nacho. Kidonda kilipona, akaendelea kukaa. Hakutaka kurudi kwao. Mke wake, Délice, alikuwa anapiga telefone, na nilimsikia akimjibu: «Nirudi kufanya nini? Kufunga mafungu ya mpunga na meno?»

Siku moja uwanja ulikuwa mtupu, nikasikia mipira inagongana nyuma yangu. Nikageuka. Rénovat alikuwa ameinama mezani, amekunja ngumi ile ya kushoto juu ya kitambaa, maana vidole vya kutandaza hana, na fimbo ameipitisha juu ya ngumi, kwenye bonde la gumba. Akalenga mpira mwekundu uliokuwa umenyooka na shimo la pembeni. Mwekundu ukaingia. Halafu mweupe nao ukaufuata, ukaingia humo humo. Akautoa, akapanga tena vilevile, akapiga, ikawa vilevile. Mara ya tatu akaweka fimbo chini akasema, wala hakuwa anasema na minye: «Hata mpira unanicheka.»

Mama Florentine, mdomo wangu ulijibu kabla yangu. Nilimwambia: «Haukucheki. Unaenda pale unapoutuma.»

«Siutumi mu shimo, mama.»

«Unautuma. Unaupiga kichwani.»

Nikajipangusa mafuta mkononi, nikaenda ukutani, nikachukua fimbo. Sikujua hata kama ninafanya hivyo, nilijiona tu niko mezani napaka chaki. Nikamuonyesha. Ukiupiga mpira mweupe chini ya tumbo, unagonga mwenzake halafu unarudi nyuma, hiyo wachezaji wanaiita retro na wote wanaipenda juu inapendeza macho. Ukiwa karibu ukaupiga tumboni, unagonga na kusimama palepale. Lakini ukiupiga juu, unajizungusha kwenda mbele, unagonga mwenzake, unasita kidogo kama muntu anayebisha hodi, halafu ule mzunguko unaushika tena na unaondoka kumfuata, hiyo ndiyo coulé. Sasa ngumi ni ndefu kuliko kiganja kilicholala, fimbo ya Rénovat haikuweza kushuka, ilikuwa inagonga juu kila mara, apende asipende, na kama mpira na shimo vimenyooka, mweupe utaenda wapi kama si mu shimo?

Akaniangalia, akasema: «Mkono wangu hauwezi kushuka, mama. Basi biliyari imenishinda.»

«Basi usishuke. Tutacheza na coulé peke yake.»

Ngongo, aliyekuwa anaingiza pikipiki yake wakati ule, akasikia, akapiga kelele: «Biliyari bila retro? Hiyo si sawa na kuendesha pikipiki bila freni?»

Nikamwambia freni ya coulé iko mu mkono wa nyuma, ule unaosukuma fimbo. Na ndivyo nilivyomfundisha Rénovat, mchana baada ya mchana, sambusa zinaungua wateja wananung'unika. Piga taratibu, mweupe utamfuata mwenzake kiasi cha shubiri moja na kutulia. Piga kwa nguvu, utavuka meza nzima. Usitafute utosini kabisa, juu fimbo itateleza na utachana kitambaa changu. Ukiwa mbali, hata ukipiga tumboni, kitambaa chenyewe kitaukamata mpira njiani na kuufanya uzunguke mbele, kwa hiyo usishangae ukikufuata bila kuuambia. Na usijiachie mpira ulionyooka na shimo, jiachie pembe kidogo, hapo mweupe utatoka kwanza kwa upande, halafu ule mzunguko utaukunja kwenda mbele, na mkunjo huo ukiujua, utaenda nao popote. Nilikuwa naweka kifuniko cha chupa ya sucré juu ya kitambaa, namwambia: «Usimame hapa.» Mwanzoni ulikuwa unapita. Halafu ukawa unakaribia. Halafu ikafika siku ukakigusa kile kifuniko na kusimama, Rénovat akainua mikono yote miwili juu, yote miwili, mama, na Ngongo akaangalia ule mkono wazi mbele yake, akamununulia chai.

Ile Jumapili waliyocheza wao wawili, uwanja ulijaa. Ngongo alicheza vizuri, retro zake zote zilipendeza. Lakini mwisho Rénovat alibakiza mpira mmoja karibu na shimo la katikati, na ule mweusi, wa kumalizia mchezo, ulikuwa kule mwisho wa meza, mbali. Kila muntu alijua kwamba ataingiza mmoja na kukosa njia ya kufikia mwingine. Akapiga juu, si kwa nguvu. Mpira ukaingia, mweupe ukasita, nikajisikia nikisema «twende» kwa sauti, nao ukaondoka, ukajikunja, ukateremka meza yote ukaenda kutulia nyuma ya mweusi, umeelekea shimo kama umewekwa na mkono. Ngongo hakungoja apige wa mwisho. Akalaza fimbo mezani akaenda kumpa mkono, na Rénovat akamshika kwa mikono miwili, wa kushoto juu ya wa kulia, kama vile watu wa heshima wanavyosalimiana.

Wiki ile akarudi Bwegera. Délice aliniambia analima, anafunga mafungu kwa namna yake, anabeba mtoto wao, na wenzake wamemchagua awe msimamizi wa kugawa maji ya mfereji mu mashamba. Na minye, mama, sikuuza meza. Nilimpigia yule muntu telefone nikamwambia atafute pengine. Ijumaa nacheza, wakati mwingine peke yangu, wakati mwingine na wamama wa jirani, na nikipiga coulé nzuri nasikia kama Ibrahim iko pale ananipigia kelele. Alhamdulillah. Hiyo yote ilianza na mkono wa yule mwanaume kwenye kitambaa changu, na sikuwahi kumwambia.

Sasa sikia nilichofanya. Baada ya mavuno haya walikuja wote: Rénovat, Délice amevaa kitenge kipya, na mama yake Rénovat, mzee kabisa, aliyepanda gari toka Bwegera kwa ajili yangu. Waliteremsha gunia zima la mchele mpya. Uwanja ulikuwa na watu. Yule mzee akasimama, akapiga makofi taratibu vile wanavyofanya kwao wakishukuru, akaanza kusema Kirundi, na minye nikaona aibu, nikaona watu wote wananiangalia, nikafikiria mtaa utasema mjane Kadija analishwa na mume wa mwenzake, nikafikiria vile vilio vya msiba wa Ibrahim na watu wakiniletea vyakula, na nilivyoapa sitapokea tena cha muntu, nikamkatiza mzee. Nikasema: «Rudisheni, tafadhali. Minye sikufanya kitu. Nilimuonyesha tu pa kupiga mpira.»

Yule mzee hakuelewa maneno lakini alielewa mkono wangu. Akakaa. Rénovat akasema: «Sawa, mama.» Akabeba gunia, wakaondoka, chai yao ikabaki mezani.

Juzi Délice amenipigia. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Alisema tu: «Mama Kadija, nakusalimia. Tangu tuliporudi toka kwako, Rénovat amerudisha mkono mu poche.»

Mama Florentine, silali vizuri. Nifanye nini? Nimpelekee zawadi kubwa kuliko gunia lake? Nimuandikie? Nimtume Ngongo? Na nitapokeaje asante ya muntu ambaye minye ndiye nina deni la asante kwake?

Wako, Kadija, Nyamianda.

*

Mama Kadija, ulikosea. Nasema mapema, ili usije ukasikiliza mpaka mwisho ukingoja nikutetee.

Unasema hukufanya kitu. Minye biliyari siijui, nikaona siwezi kukujibu juu ya kitu nisichokigusa, basi nilimwomba Venant, fundi wetu wa sauti hapa redio, anipeleke Kilibula kwenye meza anayochezeaga, nijaribu hicho unachokiita si kitu. Nilipiga utosini, fimbo ikateleza, watu wakaruka. Nikapiga juu kidogo, mwekundu ukaingia na mweupe ukaufuata ndani. Nikapiga taratibu, mwekundu hata haukufika. Nikakasirika, nikapiga kwa nguvu, nikaingiza mweupe peke yake. Venant aliweka kifuniko cha chupa kama ulivyoandika, na mpaka tunaondoka sikukigusa. Nilirudi kazini na chaki mu nguo na heshima kwako mu roho. Muntu anayemchukua mwanaume aliyekata tamaa, akamuonyesha kwamba ule mkono anaouficha unapiga mpira kwa namna ambayo wenye vidole vyote wanaihangaikia, huyo amefanya kitu. Usiseme tena mbele yangu kwamba hukufanya.

Na ulipomwambia Rénovat vile, ulimwambia nini? Fikiria, dada yangu. Yeye amepita mashambani na mkono wazi, amewaambia wote: kuna mama kule Nyamianda aliniinua. Amemleta mama yake mzazi aone. Halafu weye mwenyewe, mbele ya watu, unasema haikuwa kitu. Basi na yeye akaelewa kwamba alichopata si kitu. Hukurudisha gunia tu, ulirudisha na ule mkono mu poche.

Aibu yako naielewa. Mjane anaangaliwa sana, najua, na minye pia ni mjane. Lakini walikuja na mke, walikuja na mama, walikuja mchana mbele ya uwanja mzima. Wangefanya nini zaidi ili mtaa usiseme? Walikulinda, na weye hukuona. Weye ni mchoyo wa namna moja, Mama Kadija: kutoa unapenda, lakini ile furaha ya kutoa hutaki wengine waionje.

Wasikilizaji, barua hii sikuingoja Jumamosi. Nilipotoka kwenye ile meza ya Kilibula nilimpigia Mama Kadija siku ileile, na niliyomwambia nayarudia hapa, juu najua wengi wenu mu Uvira hii mko kama yeye. Nilimwambia: usitume Ngongo, usiandike, usinunue zawadi. Ukipeleka kitenge na sukari na kuku utakuwa umemlipa, na muntu aliyelipwa kwa asante yake anaumia mara ya pili. Panda gari mwenyewe, ukiwa mikono mitupu. Ukifika, salimu mzee kwanza. Mwambie ulimkatiza, na umekuja asikilizwe. Halafu uliza gunia liko wapi. Ukipewa wali, kula. Na kabla hujaondoka, mwambie Rénovat habari ya fimbo yako ukutani.

Akaniuliza mu telefone: «Mikono mitupu kabisa, mama?»

«Kabisa.»

«Hata sambusa?»

«Hata sambusa.»

Alienda Alhamisi. Najua juu Délice alinipigia kwa ruhusa yao wote, na kwa ruhusa yao nasema. Ngongo ndiye aliyempeleka kwa pikipiki, akakataa nauli, na huko nako ilibidi Mama Kadija ashukuru na kunyamaza. Walimkuta mzee anaanika mpunga. Mama Kadija akapiga magoti, akamsalimu, Délice akatafsiri yale ya kukatizwa. Mzee akamwinua, akamkalisha kwenye mkeka, akaanza upya toka mwanzo. Délice anasema alisema kwa muda mrefu, juu ya siku ya mashine, juu ya damu, juu ya mtoto wake alivyokaa Uvira bila kutaka kurudi, na alipokuwa anasema hakuna aliyetafsiri, na Mama Kadija hakuuliza. Alilia tu pale pa kulia, kama aliyeelewa.

Rénovat alikuwa kwenye mfereji. Alikuja, akasimama mbali, mkono bado mu poche. Mama Kadija akamwambia, mbele ya wote: «Mwanangu, siku ile uliyoingiza mweupe mu shimo, minye nilikuwa sijashika fimbo tangu nimzike baba yenu Ibrahim. Meza nilikuwa nimekwisha kuiuza kwa mdomo. Nilipoona unakosea nikasahau kwamba nimeacha. Nikicheza leo ni kwa ajili yako. Nilishindwa kupokea asante yako juu asante yangu minye nilikuwa sijaitoa.»

Délice anasema Rénovat alisogea mpaka kwenye mkeka. Halafu akauliza, kama muntu anayetaka kuhakikisha amesikia sawa: «Kumbe na minye nilikufanyia kitu?»

«Ulinirudisha mu nyumba yangu,» Mama Kadija akamjibu.

Rénovat akautoa mkono mu poche, ule ule, akapangusa macho nao.

Wakala. Mzee akamwongezea wali bila kumuuliza, na Mama Kadija, aliyezoea kusema nimeshiba, hakusema.

Sasa weye, Mama Kadija, najua unanisikiliza na jiko linawaka, kwa hiyo nimalizie. Gunia liko kwako, Ngongo amelifikisha. Usiligawe mtaa mzima kesho asubuhi ili ubaki tena umemzidi kila muntu. Jirani mpe kidogo, mchele mwingine uupike, uule. Mlango wa asante ukishafunguka usiuzibe na maneno. Muntu akikuambia asante, jibu asante, inatosha, na mdomo ufunge. Kama unataka kumpa Rénovat kitu, mpe mchezo: mwite Jumapili, mshindane kwa nguvu zako zote, usimhurumie hata mpira mmoja, juu huruma ataiona mara moja.

Na mavuno yajayo watakuja tena, hilo usidanganyike. Fagia uwanja, tandika mkeka wa mzee, chemsha chai. Gunia likishuka kwenye gari, usisimame pembeni ukipunga mikono. Kamata upande mmoja, Rénovat akamate mwingine, muliingize ndani pamoja.